Visu vya Slasha na Macho ya Mama

Baba yetu alipofariki aliacha wana wawili, trekta moja kuukuu, na slasha moja ya kufungwa nyuma ya trekta. Jamaa wa ukoo waliketi sebuleni kugawa vitu, wakanywa chai mara mbili, kisha wakampa kaka yangu trekta kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Mimi, kitindamimba ninayebaki na boma la mama, wakanipa slasha. Mzee mmoja alieleza kwamba kwa njia hiyo tutalazimika kupendana. Nilimheshimu sana mzee huyo, lakini hapo alichemsha.

Kwa asiyeijua, slasha ya trekta ni kama meza ya chuma isiyo na miguu. Chini yake kuna visu viwili vizito, kila kimoja urefu wa mkono toka kiwiko hadi vidole, vinavyozungushwa na shafti inayotoka kwenye trekta. Ukiwa na trekta bila slasha, bado utalima na kubeba mchanga. Ukiwa na slasha bila trekta, una mahali pa kuku kulala. Kaka yangu alilimia watu mashamba mpaka Ahero, na kuku wa mama wakapata nyumba ya chuma.

Mwanzoni tulijaribu. Alikuja na trekta yake kutoka upande wa Kombewa, tukafunga slasha yangu, akafyeka boma letu kule Asembo vizuri kabisa. Siku moja akapitisha slasha juu ya jiwe ambalo liko pale tangu sijazaliwa, na ambalo yeye mwenyewe alikuwa akilikalia kula miwa. Visu vikapata mapengo. Akashuka, akaviangalia, akaniambia nivinoe kwa sababu ni vyangu. Nikamwambia avinoe yeye kwa sababu jiwe alilikanyaga yeye.

"Kisu ni yako," akasema.

"Na mguu iliyokanyaga mafuta ni ya nani?"

Basi, maneno hayo mawili yalitutosha miaka mitatu. Hatukusalimiana tena ila msibani, na hata huko kwa kutazama pembeni. Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Kwetu fahali wawili walinuniana, na nyasi zikanenepa. Zilipita magoti, zikapita kiuno, zikafika dirishani, zikaingiliana na miiba, na mwisho kenge mmoja kutoka ziwani akahamia nyuma ya jikoni na kuanza kutembea mchana kama mwenye boma.

Mama hakuona chochote. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, polepole, mpaka akabaki kutofautisha mchana na usiku tu. Aliishi na binamu yetu mmoja, mama mjane mpole aliyempikia na kumfulia. Binamu huyo aliparua kwa jembe njia ya kwenda chooni na njia ya kwenda langoni, ili miguu ya mama isikutane na nyasi, na kuhusu mengine akanyamaza. Majirani nao walinyamaza. Kwetu hakuna mtu anayekwenda kumwambia mama aibu ya wanawe, hata kama aibu yenyewe imefika dirishani.

Uongo haukuanza kwa kupangwa, nataka hilo lieleweke. Jumamosi moja nilikuwa nimetoka Kisumu ninakofanya kazi ya ofisi, nimeketi na mama ndani, tukasikia trekta ikinguruma langoni. Kaka alikuwa amekuja kumletea unga, na kwa kuwa alijua nipo, alikataa kushuka. Mama akatabasamu.

"Ndugu yako amekuja kufyeka," akasema. "Nyasaye awabariki. Nilikuwa naogopa mmekosana."

Ningesema nini? Nikasema, "Ndiyo, Mama. Anafyeka." Nje kaka alisubiri binamu achukue unga, akaondoka zake. Mwezi uliofuata mama akauliza mbona trekta haijaja. Nikamtumia kaka ujumbe, wa kwanza tangu tukosane: *Mama anauliza trekta.* Akajibu: *Sawa.* Jumamosi akaja, akazunguka nje ya ua mara mbili, akakanyaga mafuta langoni kwa dakika kumi, akaenda. Mimi ndani nilikuwa natangaza kama mtangazaji wa mpira: sasa yuko upande wa zizi, Mama, sasa anageuza kwenye mwembe. Kwa miaka mitatu hiyo ndiyo kazi pekee tuliyoshirikiana, na lazima niseme tuliifanya vizuri.

Kisha madaktari wakampasua mama macho, hospitalini Kisumu. Jicho la kwanza, wiki zikapita, jicho la pili. Jumanne asubuhi bandeji ya mwisho ilipotolewa, nilikuwa nimekaa mbele yake. Alinitazama kwa muda mrefu.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi, Mama. Mwanao."

"Mwanangu hana tumbo."

Muuguzi alicheka mpaka akashika kitanda. Mama akanishika uso kwa mikono miwili, akahesabu mvi zangu kwa sauti, akachoka akiwa bado upande mmoja. Nilifurahi sana asubuhi ile, nilifurahi kabisa, mpaka aliposema, "Sasa nipeleke nyumbani nikaone ile kazi yenu. Miaka yote nasikia tu."

Daktari, Mungu ambariki, alitaka kumwona tena Alhamisi. Kwa hiyo angerudi nyumbani Ijumaa. Nilitoka nje ya wodi nikampigia kaka simu. Hatukusalimiana.

"Anaona," nikamwambia.

"Anaona kiasi gani?"

"Ameona mvi. Ijumaa anataka kuona boma."

"Yawa," kaka akasema, na nikasikia akikaa chini.

Jumatano asubuhi tulikutana Asembo. Kaka alikuwa amevaa ile kofia yake kubwa ya mikutano, nadhani ili asilazimike kunitazama. Tulifukuza kuku, tukatoa mayai matatu na kuku mmoja aliyekataa kuhama, tukafunga slasha kwenye trekta na kuiinua juu. Baba alikuwa amenifundisha kwamba slasha iliyoinuliwa haiaminiwi hata kidogo: unaweka magogo chini yake, unazima injini, unatia ufunguo mfukoni. Nikautia ufunguo mfukoni mwangu. Kaka akasema trekta ni yake. Nikamwambia kichwa kitakachokuwa chini ni changu.

Bolti zilikuwa zimeshikwa na kutu. Tulizimwagia dizeli, tukangoja, tukachomeka bomba kwenye mkia wa spana ili tupate nguvu, tukaning'inia wote wawili upande mmoja bila kusemezana. Ya kwanza ilipoachia tuliangukiana, tukainuka haraka, tukakung'uta nguo.

Visu vilipotoka, mabishano yakaanza. Kwetu mkubwa ndiye hutangulia: kupanda, kuvuna, kujenga. Mdogo akimtangulia anatafuta chira, ile laana inayomkondesha mtu mpaka aishe. Hakuna mila iliyosema lolote kuhusu visu vya slasha, lakini kaka alisimama pale na kuieleza mila hiyo vizuri sana.

"Mimi ndio naanza," akasema. "Hii ni kitu ya nyumbani. Mkubwa anaanza."

"Slasha ni yangu."

"Kwani mimi nimesema si yako? Nimesema naanza."

Tukaafikiana kama watu wazima: visu ni viwili na sisi ni wawili, kila mtu anoe chake. Alichagua kwanza, bila shaka.

Mimi nilinoa kwa tupa, jinsi baba alivyonoa. Unakibana kisu kwenye gogo, unafuata mteremko ule ule wa kiwandani, upande wa juu tu, unasukuma tupa kwenda mbele na kuiinua ikirudi. Na huachi wembe. Mtu asiyejua hudhani kisu cha slasha kinapaswa kunyoa ndevu, kumbe kinachokata ni ule mwendo wa kuzunguka. Makali unayaacha manene kama ukingo wa sarafu, ili yakigonga kichuguu yasikunjike.

Kaka alikuja na grenda ya umeme aliyoazima kwa fundi wa mageti. Alichomeka waya sebuleni kwa mama, akavaa miwani ya jua, akaanza. Cheche ziliruka mpaka kwenye nyasi, binamu akatoka na ndoo ya maji akasimama tayari. Alinoa juu. Akageuza akanoa chini. Chuma kikawa cha bluu kwa moto, na hapo mtu yeyote aliyelelewa na baba yetu alipaswa kujua kwamba kimeiva na kitakuwa laini. Aliendelea. Mwisho akapitisha kisu kwenye mkono wake, nywele zikaanguka, akanionyesha mkono.

"Yako inaweza hii?"

"Haiwezi," nikasema.

Sasa hapa lazima nikiri. Baba hakufunga visu kamwe bila kuvipima uzito. Visu viwili vinazunguka pamoja, na kimoja kikiwa chepesi mashine yote inaruka. Nilikuwa nimeviona vile viwili vimelala chini, na cha kaka kilikuwa kimeliwa mpaka kimebaki kama mdogo wake. Nilijua. Ningesema neno moja tu. Lakini moyo wangu ulikuwa umengoja siku hiyo miaka mitatu, kwa hiyo nilikaza bolti, nikampa ufunguo kwa mikono miwili kama mdogo mwenye adabu, nikasogea nyuma ya ukuta wa jikoni.

Aliwasha. Akashusha slasha, akaunganisha shafti, akaingia kwenye nyasi. Kwa muda mfupi mambo yalikuwa shwari, kisha visu vikashika kasi na trekta ikaanza kutetemeka toka magurudumu mpaka usukani. Kofia ya mikutano ilikwenda ya kwanza. Kisanduku cha vifaa kikafunguka na kuanza kutema spana moja baada ya nyingine. Kiti kilikuwa kikimrusha na kumdaka, na mashavu yake yalikuwa yakicheza kila moja kivyake.

"Zi-zi-zi-ma!" akanipigia kelele, ingawa aliyeshika ufunguo alikuwa ni yeye.

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikaketi. Binamu alicheka kwenye kanga yake. Kenge alitoka nyuma ya jikoni mbio, akapita katikati yetu kuelekea ziwani, na hatukumwona tena. Kisha kukawa na mshindo mkubwa, tang, trekta ikazima, na ndege wakaanza kusikika tena. Ilikuwa ni lile jiwe.

Tulipoiinua slasha na kuchungulia, kisu cha kaka kilikuwa kimejikunja makali yote kama sikio la mbwa. Changu kilikuwa kizima, ila bolti iliyokishika ilikuwa imepinda kwa ule mtetemeko na tundu lake limepasuka pembeni, na kisu cha namna hiyo hakirudishwi kwenye mashine. Kwa kicheko changu tulikuwa tumepoteza vyote viwili. Kaka alinitazama.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

Nilingoja anipige, na nadhani ningemwachia. Lakini alikaa tu kwenye gogo, akaokota kofia yake, akaifuta.

"Kesho kutwa anaingia hapa," akasema. "Atafungua macho kwa hii msitu. Miaka tatu amekuwa akituombea baraka."

Hapo kicheko kilinitoka chote. Niliona aibu, si ile ya kusemwa na watu, ile ya kujitazama mwenyewe. Nikakaa kando yake. Baada ya muda alikumbuka kwamba baba alikuwa na visu vingine, vikuukuu, alivyovifunga kwenye gunia na grisi ghalani. Tulikwenda tukachimba chini ya magunia ya mahindi. Vilikuwepo, pamoja na bolti zake, butu kabisa, lakini vizima.

Vile tulivinoa pamoja. Mmoja alibana, mwingine akapiga tupa, na kila dakika chache tulibadilishana, ili kusiwe na kisu cha mtu. Sikumbuki nani alianza. Hatukuzungumza mengi, ila alisema mgongo unamuuma nikasema na mimi wangu, na kwa ndugu waliokosana huo ni mkutano wa amani.

Alhamisi asubuhi tulivibeba mpaka ufukweni kwa mama mmoja anayenunua samaki, kwa kuwa ndiye mwenye mizani ya kuaminika. Alikuwa akipima mbuta. Akaviangalia visu vyetu vyenye grisi.

"Hii ni samaki gani, Baba? Haina macho, haina mkia."

"Mama, tupimie tu," kaka akasema.

"Nipime halafu nani atanunua hii?"

Akapima hata hivyo, akiwaita wenzake waje waone. Kimoja kilizidi kidogo. Kaka akatoa tupa mfukoni, akachuchumaa pale pale kati ya mapipa ya samaki, akapunguza mgongo wa kile kizito, mbali na makali, mara kumi. Tukapima. Bado. Mara kumi tena. Mshale uliposimama mahali pamoja kwa visu vyote viwili, wanawake wa samaki walipiga vigelegele, na kaka akavua kofia akainama.

Alasiri ile trekta haikutetemeka. Ilivuma kwa sauti moja, tulivu, na nyasi zikalala chini nyuma yake. Lile jiwe tuliling'oa kwanza kwa mtaimbo, sote wawili. Jua lilipokaribia ziwa, boma lilikuwa limenyolewa kama mwanajeshi. Sasa yalionekana mambo ambayo nyasi zilikuwa zimetusitiri: ghala limeinama, ukuta wa jikoni una ufa, choo kimeegemea upande wa kwa jirani. Kaka akasema tutamwambia vimeharibika wiki hii.

Ijumaa nilimleta mama kwa gari la rafiki. Kaka alisimama langoni, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayengoja ukaguzi wa kucha. Mama alishuka, akamtazama, akamwambia naye amezeeka, akamkumbatia. Kisha akageukia boma. Mimi nilikuwa nimeandaa maelezo ya choo.

Akafumba macho.

Macho yale mapya, tuliyohangaikia siku tatu, aliyafumba. Akainua uso, akavuta pumzi ndefu mpaka mabega yakapanda.

"Majani," akasema. "Majani yaliyokatwa."

"Ndiyo, Mama," kaka akasema kwa sauti ya kiongozi.

Akavuta tena, na machozi yakaanza kumtoka. "Yule daktari ni mtu wa Mungu. Nimemwendea kwa macho, kumbe amenifungulia na pua!"

Kaka akacheka. Mimi pia nilianza kucheka.

"Msicheke, wanangu. Sikuwaambia kwa sababu mna mambo yenu mengi. Miaka hii yote nasikia trekta ikifyeka, nakaa hapo mlangoni nangoja harufu, na harufu haiji. Nikasema basi, macho yamekwenda, sasa na pua inafuata. Nikawa nangoja masikio. Kila trekta ikishaondoka nilikuwa natulia nisikilize kama jogoo bado namsikia."

Nilimtazama kaka. Alikuwa akitazama viatu vyake. Ningeweza kumwachia mama daktari wake. Nilifikiria hilo, sitadanganya. Lakini alikuwa amesimama pale anavuta pumzi na kushukuru, na sikuweza.

"Mama," nikasema, "pua yako haikuwa na shida."

Nikamweleza: trekta ilikuwa langoni tu, hakuna majani yaliyokatwa, mimi ndiye niliyekuwa nasema uongo ndani. Kaka akasema, "Na mimi nje." Mama alitusikiliza akimtazama mmoja, kisha mwingine.

"Kwa hiyo nilikuwa mzima," akasema.

"Ulikuwa mzima, Mama."

"Miaka yote mitatu."

"Yote."

Alitikisa kichwa polepole, akaingia ndani mwenyewe bila kushika ukuta, akafunga mlango. Tulibaki nje kwenye nyasi fupi, wanaume wawili wenye wajukuu, hatujui tukae wapi. Mwishowe tukasikia sufuria.

Alituita jioni. Alikuwa amepika mwenyewe, mara ya kwanza tangu macho yamfunge, ugali na samaki wa kuchemsha, na binamu alikuwa amekaa pembeni akikatazwa kusaidia. Mama alitupakulia sisi kwanza, vipande vikubwa, akaketi akitutazama tukila. Sijawahi kula chakula kitamu kama kile, wala kigumu kumeza kwa aibu kama kile.